Wazee wa Kiitaliano wa Wooster Square wanakumbuka miti gani? Maana micheri ni ya 1973

#1 Pogoa_Taratibu
Wakuu, salaam.

Kila Aprili picha za Wooster Square, New Haven, kule Connecticut, zinazagaa mitandaoni. Micheri imefunika matawi yote kwa maua, na chini ya picha mtu ameandika "miti ya wahamiaji wa Kiitaliano". Hesabu inagoma. Micheri ile, 72 ya aina ya Yoshino, ilipandwa kuuzunguka uwanja mwaka 1973. Waitaliano walikuwa wameujaza mtaa ule tangu mwisho wa karne ya 19, wengi wakifanya kazi Sargent, kiwanda cha makufuli na vitasa kilichohamia New Haven 1864. Kanisa lao la St. Michael ni la 1889. Mtoto aliyezaliwa pale 1925, mwaka ambao Frank Pepe alifungua duka lake la pizza Wooster Street, alikuwa na miaka 48 micheri inatiwa ardhini.

Halafu simulizi za wazee wenye asili ya Amalfi na Atrani, miji ya pwani kusini mwa Italia, hazitaji maua kabisa. Wanataja miti iliyokutana juu ya barabara, kivuli asubuhi hadi jioni. Yoshino haiwezi hilo. Inafika mita 9 hadi 12, inatanuka badala ya kupanda, na matawi yake ya chini yanakuvua kofia.

Swali: miti ya kwenye kumbukumbu ni ipi, na ilikwenda wapi?

#2 Beleshi_na_Ndoo
Elmi. Funga uzi.

#3 Mama_Kitalu
Usifunge, kaka. Elmi ndilo jibu jepesi kwa kuwa New Haven yenyewe inaitwa Jiji la Elmi. James Hillhouse alisukuma upandaji wake tangu miaka ya 1780, na baadaye Temple Street ikawa kama imeezekwa. Uwanja wa Wooster wenyewe ulipimwa 1825, wakati huo mtaa wa manahodha na wafanyabiashara wa bandari. Elmi za zama hizo zingekuwa na kama miaka 100 Pepe anawasha tanuri.

Umbo linakubali. Elmi ya Marekani ikiachwa ikue inafika mita 25 hadi 30. Shina linagawanyika likiwa mita kadhaa juu ya ardhi, matawi yanapanda kama shada lililoshikwa kwenye ngumi, kisha ncha zinainamia nje. Gari la farasi linapita chini bila kugusa jani, na juu miti ya upande huu inashikana mikono na ya upande ule. Kwa hiyo nusu ya kwanza ya swali nakubaliana na #2. Nusu ya pili ndiyo kazi.

#4 Kigogo77
Nusu ya pili nayo inajulikana. Ugonjwa wa elmi kutoka Uholanzi. Uliingia Marekani 1930, ukamaliza kila kitu.

#5 Daktari_wa_Miti
#4, Waholanzi wameonewa na jina tu. Wanasayansi wa Uholanzi ndio waliouchunguza na kuutambua miaka ya 1920, ugonjwa ukaitwa wao. Asili yake inadhaniwa kuwa Asia. Huo mwaka 1930 ni sahihi, uligunduliwa Ohio, ukiwa umesafiri na magogo ya elmi yaliyoagizwa Ulaya kwa ajili ya kuchania mbao nyembamba za samani.

Ni kuvu anayebebwa na wadudu wadogo wa magome, ndugu wa dumuzi kwa tabia. Mdudu anazaliana chini ya gome la elmi inayokufa, akitoka ana mbegu za kuvu mwilini, anakwenda kutafuna panda za vijiti vya elmi nzima. Kuvu akiingia kwenye mishipa ya maji, mti unajihami kwa kuiziba mishipa yake wenyewe. Ndiyo maana mwezi Juni au Julai unaona tawi moja juu limegeuka manjano huku mti wote kijani.

Kupima: kata kijiti cha unene wa penseli kwenye tawi linalonyauka, bandua gome kwa kisu. Mti mweupe ulio chini ukiwa na michirizi ya kahawia kama mistari ya wino uliolowa, shuku. Usihukumu bado, kuna kuvu wa udongo anayeacha michirizi hiyohiyo. Peleka kipande maabara.

Ukiwahi mapema, sehemu iliyonyauka ikiwa chini ya asilimia 5 ya mti, unakata tawi lile mita 3 chini ya mchirizi wa mwisho, na pengine mti unapona. Ukichelewa, unakata mti.

#6 Beleshi_na_Ndoo
Ongezea la mizizi, Daktari. Ndilo linalokula mtaa mzima.

#7 Daktari_wa_Miti
Kweli. Elmi zilizopandwa mita 8 hadi 10 mojamoja, mizizi yake inakutana chini ya lami na kuungana ikawa bomba moja. Ugonjwa hauhitaji tena mdudu. Dawa yake ni kukata mizizi kati ya mgonjwa na mzima, mtaro wa kina cha mita 1.2 hivi, na unakatwa KABLA ya kuangusha mgonjwa. Ukiangusha kwanza, mti mzima unavuta maji yote yaliyobaki kwenye mizizi ya mwenzake pamoja na kuvu wake. Mjini mtaro wa mita 1.2 unakutana na bomba la gesi, bomba la maji taka na waya, kwa hiyo wengi hawakuchimba. Walipuliza DDT, sumu ya kuua wadudu, miaka ya 1940 na 50 badala yake. Minyoo ikala majani yaliyoanguka, ndege wakala minyoo, ndege wakafa, na elmi zikafa vilevile.

#8 Nahodha_Mstaafu
Mnaharakia ugonjwa. Tarehe 21 Septemba 1938 kimbunga kilipiga New England, yaani majimbo ya kaskazini-mashariki likiwemo Connecticut, mchana, udongo ukiwa tayari umelowa kwa mvua za siku kadhaa. Miti mikubwa haikuvunjika, iling'oka na mizizi yake. Elmi ya mjini mizizi yake iko juujuu na imekatwakatwa upande wa barabara kila wanapotengeneza ukingo. Ni kama meza ya miguu miwili. Mzee aliyekuwa na miaka 10 mwaka 1938 atakumbuka kivuli, kisha atakumbuka anga.

#9 Mama_Kitalu
Na elmi zilizolala chini mwaka ule ndizo zilizogeuka vitalu vya mdudu wa gome. Kwa hiyo #8 na #4 huenda mnasema jambo moja kwa midomo miwili.

#10 Nahodha_Mstaafu
Sisemi jambo moja. Mti ulioanguka 1938 haukufa kwa kuvu.

#11 Ramani_Ukutani
Mmesahau buldoza. Meya Richard Lee aliingia 1954, na New Haven ikawa mfano wa nchi nzima wa kubomoa na kujenga upya. Barabara kuu ya I-91 ilipita mashariki ya uwanja na kuukata mtaa vipande viwili. Nyumba zikibomolewa, miti ya mbele haiachwi imesimama kama mlinzi wa kiwanja kitupu. Sehemu iliyozunguka uwanja ilinusurika, nyumba zikakarabatiwa, likatangazwa eneo la kihistoria. Ndiyo tunayoipiga picha. Waitaliano wengi waliokuwa ng'ambo ya pili walihamia East Haven na Hamden wakaondoka na kumbukumbu zao. Kwa hiyo mzee anapokuambia "miti ya mtaani kwetu", muulize kwanza mtaa gani. Huenda mtaa wenyewe sasa ni lami ya magari.

#12 Chapati_Moto
Mimi nimesoma "Pepe" nikaishia hapo. Ile pizza ya kome bado ipo?

#13 Ramani_Ukutani
Ipo, #12. Na pale haiitwi pizza, inaitwa apizza, na wenyewe wanatamka "abiitsi". Rudi kwenye miti.

#14 Kijani_Toronto
Naweka sababu ambayo wengi hawataipenda. Kuna utafiti wa Toronto uliochapishwa 2000, wa Fraser na Kenney, uliolinganisha jamii mbalimbali. Wenye asili ya Uingereza walipenda miti ya kivuli. Waitaliano na Wareno walipenda miti ya matunda na bustani ya mboga. Elmi ya mita 25 mbele ya nyumba inakunyima jua la nyanya. Mti wa mtaani ukifa, jamii ya namna hiyo haiendi kudai mwingine kwa meya. Kimya chao nacho kimechangia upara wa mitaa.

#15 Mwana_wa_Bukavu
#14 hapana, kaka. Ule ukanda wa udongo kati ya njia ya miguu na barabara ni wa jiji, si wa mwenye nyumba. Anayepanga ni jiji na anayekata ni jiji. Huwezi kumtwisha bibi mwenye ndoo ya nyanya lawama ya elmi.

Ila umesema jambo moja la maana. Tunatafuta mti wa Waitaliano mbele ya nyumba wakati mti wao uko NYUMA ya nyumba. Ni mtini. New Haven kuna Wakongo wengi waliofika kama wakimbizi, na wanaopanga kwenye nyumba za zamani wanaukuta: kichaka cha mashina matano sita kikiegemea ukuta wa matofali wa kusini, na hakuna anayewaambia la kufanya Novemba. Mtu akijua atueleze.

#16 Mtini_wa_Tatu
Nimeitwa. Tini ni mti wa Mediterania. Ule wa kawaida unatia matunda bila nyigu wala dume, kwa hiyo mmoja unatosha. Adui ni baridi. Mti uliokomaa na kulala unavumilia hadi kama nyuzi 10 chini ya sifuri, zaidi ya hapo mashina yanakufa hadi chini. Mizizi inabaki hai na itachipua, lakini ukianza upya kila mwaka tunda linachelewa na baridi ya Oktoba inalikuta bichi. Wazee wa Amalfi waliofika na vijiti vyao walitatua hili kwa kuuzika mti.

Subiri majani yaanguke yenyewe, baridi nyepesi mbili tatu zipite, kwa kawaida katikati ya Novemba. Chuma tini mbichi zote zilizobaki, zikiozea humo zinaambukiza vijiti. Pogoa uache mashina 4 hadi 6 yanayopindika, yasizidi unene wa kifundo cha mkono. Funga matawi kwa kamba kuanzia chini kwenda juu, taratibu, ukaze kidogo leo na kidogo kesho, hadi mti uwe kama mwamvuli uliofungwa.

Chimba handaki upande mmoja, urefu sawa na mti, upana na kina sentimita 60. Sasa sehemu inayoogopesha: kwa beleshi lenye makali, kata mizizi ya PEMBENI mwa shina, kulia na kushoto, sentimita 40 hadi 50 kutoka kwenye shina. Mizizi inayoelekea handakini na ile ya nyuma yake usiikate kabisa. Hiyo ndiyo bawaba. Legeza udongo wa nyuma, kisha watu wawili mnausukuma mti ulale. Ukisikia mlio mkavu, simama. Maji ya mti yameshashuka na shina limekakamaa, au umebakiza mzizi wa pembeni.

Chini tandika mbao au majani makavu, laza mti, funika kwa magunia ya katani, majani tena sentimita 20, plaiwudi juu, kisha udongo sentimita 20 hadi 30 wenye mgongo ili maji yateremke. Katikati au mwisho wa Aprili unafukua.

#17 Chapati_Moto
Yaani mnafanya mazishi Novemba na ufufuo wakati wa Pasaka. Waitaliano hawa hawachezi.

#18 Beleshi_na_Ndoo
#16 umeeleza vizuri, ila mti wa miaka 30 hauulazi, utauvunja. Huo unavikwa. Unafunga hivyohivyo kwa kamba, unazungusha magunia au mablanketi ya zamani tabaka mbili tatu, unashindilia majani makavu katikati, nje unazungusha karatasi ya lami ya kuezekea, unakaza kwa waya. Kileleni unaacha tundu la kupumulia, unalifunika kwa ndoo iliyopinduliwa. Ndoo si urembo. Bila ndoo mvua inaingia katikati, inaganda, na Aprili unafungua uji wa majani.

Kosa la kwanza ni nailoni. Watu wanazungushia turubai la plastiki moja kwa moja kwenye matawi. Siku ya jua ya Februari ndani kunakuwa joko, machipukizi yanaamka, usiku yanauawa. Jasho linabaki ndani na ukungu unakula gome. Kosa la pili ni panya. Majani makavu ni hoteli yao, wanaguguna gome kuzunguka shina na mti unakufa ukiwa umevikwa vizuri kabisa. Zungusha wavu wa chuma wa matundu madogo sentimita 45 kutoka chini kabla ya kuvika.

#19 Mtini_wa_Tatu
Kosa la tatu: kufungua siku ya kwanza yenye jua Machi. Fungua kwa awamu, juu kwanza, wiki moja, kisha zilizobaki siku ya mawingu. Gome lililokaa gizani miezi mitano linaungua kwa jua.

#20 Ustadhi_Lindi
Samahani nichepuke. Huku kwetu kuna watu wanauita mkuyu mtini. Si mmoja. Zakayo alipanda mkuyu. Mkuyu unazaa kwenye shina na matawi makubwa, na unategemea nyigu wake aingie ndani ya tunda. Mtini ule wa kwenye Surat at-Tin na wa Agano ndio huu wa Waitaliano, jani lake lina vidole.

#21 Mtini_wa_Tatu
Sahihi, #20, na ni ukoo mmoja, kwa hiyo wanaochanganya hawajakosea nyumba, wamekosea chumba.

#22 Daktari_wa_Miti
Kuhusu vijiti vya kutoka Amalfi. Familia nyingi husema "mtini wetu babu aliuleta mfukoni". Inawezekana kabisa: kijiti cha sentimita 15 hadi 20 kilichokatwa mti ukiwa umelala, kikifungwa kitambaa chenye unyevunyevu, kinafika hai. Unazika theluthi mbili, unaacha macho mawili juu, kinatoa mizizi wiki chache tu kwenye joto. Lakini pamoja na kijiti alisafiri virusi wa madoadoa. Jani linakuwa na mabaka ya manjano yenye kingo za kutu, na hakuna dawa. Mti wenye afya unaishi nao. Kwa hiyo ukiona mabaka usikimbilie kunyunyiza sumu. Huo ni urithi wa ukoo.

#23 Pogoa_Taratibu
Asanteni, nimejifunza ya mtini, ila naurudisha uzi barabarani. Kuna anayesema elmi hazikwisha, kwamba hata leo mitaa ya New Haven ina miti yenye umbo lile la shada. Anasema amesimama chini yake.

#24 Mama_Kitalu
Huenda amesimama chini ya zelkova. Ni binamu wa elmi kutoka Japani, ulipandwa sana kuziba pengo kwa kuwa una umbo karibu lilelile na unauhimili ugonjwa. Okota jani. La elmi, pande mbili za kitako hazilingani, moja imeanza juu zaidi ya nyingine kama shati lililofungwa vibaya, na meno ya ukingoni yana meno madogo juu yake. La zelkova kitako kinalingana na meno ni safu moja, kama msumeno wa fundi. Gome nalo: elmi nzee imepasuka kwa mifereji mirefu, zelkova ni laini kisha inabanduka mabaka na kuonyesha rangi ya chungwa.

Elmi za kweli nazo zipo, zile zinazodungwa dawa ya kuvu shinani kila baada ya miaka michache, na aina teule kama Princeton na Valley Forge zinazostahimili. Kustahimili si kinga kamili, msije mkapanda mtaa mzima aina moja tena.

#25 Kigogo77
Na micheri yenyewe je? Yoshino inaishi miaka 40. Ile ya 1973 imeshapitisha umri. Yaani hata hii "kumbukumbu mpya" ni marehemu anayetembea.

#26 Kijani_Toronto
Miaka 40 ni ya mti wa mjini uliotupwa. Ile ya Washington ilifika 1912, miti 3,020 kutoka Tokyo, na michache ya awali bado ilikuwa hai miaka zaidi ya 100 baadaye. Shehena ya kwanza, ya 1910, ndiyo iliyochomwa moto kwa kukutwa na wadudu na minyoo ya mizizi.

#27 Chapati_Moto
Kwa hiyo ya New Haven nayo ni zawadi ya Wajapani?

#28 Ramani_Ukutani
Hapana, usichanganye. Ya New Haven ni kazi ya tume ya mambo ya kihistoria ya jiji, idara ya bustani na wakazi wenyewe, 1973.

#29 Daktari_wa_Miti
Nijibu #25 kwa kirefu maana "umri" ni kisingizio cha kila mti unaokufa.

Yoshino zote ni mti mmoja. Hazipandwi kwa mbegu, zinabebeshwa: kikonyo cha Yoshino juu ya mche wa chini wa mcheri mwingine. Tatizo la kwanza lipo hapo kwenye kiungo. Chini ya kiungo kukichipuka fimbo zilizonyooka, hizo ni za mche wa chini. Zisipokatwa kila mwaka zinanyonya, na baada ya miaka 15 una mti wenye maua ya aina mbili, kisha wenye aina moja, isiyo yako. Zing'oe kutoka kitakoni, usizikate katikati, ukikata katikati umepogolea zizidi.

La pili ni maji yaliyosimama. Mcheri hauvumilii miguu iliyolowa. Kuvu wa maji anaozesha mizizi kimyakimya na dalili unaiona juu, majani madogo na vijiti vikavu kileleni, wakati chini kazi imekwisha. Kwangua gome pale shina linapoingia ardhini. Rangi ya chungwa au kahawia badala ya kijani-cheupe, habari ndiyo hiyo.

La tatu ni miguu ya watu. Umati wa Aprili unasimama hasa kwenye mizizi inayolisha mti, kwa sababu picha nzuri inapigwa chini ya tawi, na ardhi ya Aprili bado imelowa. Udongo uliolowa ukikanyagwa unakuwa tofali. Mizizi inayovuta chakula iko ndani ya sentimita 30 za juu, ndizo zilizogeuka tofali.

La nne ni chumvi ya kuyeyushia barafu. Upande unaotazama Chapel Street, wenye magari mengi, ndio wa kuangalia kwanza. Ukingo wa jani unaungua kuanzia ncha, Juni. Mwisho wa Machi, chumvi ikikoma, lowesha ukanda ule kwa mpira wa maji hadi maji yashuke sentimita 30 chini, mara mbili au tatu. Udongo ukiwa mfinyanzi usiopitisha maji hilo halisaidii, utakuwa umerudi kwenye tatizo la pili.

Ute wa rangi ya asali unaotoka shinani si ugonjwa kwa jina. Ni kilio. Unaweza kuwa kidonda cha mashine ya nyasi, bakteria, au funza wa shina. Ukikuta unga wa mbao umechanganyika na ute, ni funza. Ute safi, tafuta kidonda.

#30 Beleshi_na_Ndoo
Na anayeziba pengo asipande mcheri kwenye shimo lilelile la mcheri. Udongo umechoka na wadudu wa mizizi wanamsubiri mgeni. Sogea mita 1.5, au badili udongo wote. Shimo upana mara mbili hadi tatu ya donge la mizizi, kina kisizidi donge. Pale shina linapotanuka kuwa mizizi paonekane juu ya ardhi. Kata waya na gunia la juu, toa kabisa. Maji lita 60 hadi 75 kwa wiki, miaka miwili, hasa Julai na Agosti. Matandazo sentimita 5 hadi 8, yasiguse shina. Ile milima ya matandazo wanayorundika shinani kama kichuguu inaozesha gome, na mizizi inapanda humo na kumnyonga mama yao.

Kupogolea ni mara tu baada ya maua, siku kavu. Macho ya maua ya mwakani hutengenezwa kiangazi hiki. Anayepogoa Februari anakata maua.

#31 Ramani_Ukutani
Niongeze sababu nyingine ya upara wa zamani, kabla #14 hajarudi. Miaka ya 1930 shirika la serikali la mikopo ya nyumba, HOLC, lilichora ramani za miji na kuzipa alama A hadi D. Mitaa ya wahamiaji kwa kawaida ilipewa za chini, mikopo ikakauka. Uchunguzi wa miji 37 uliotoka 2021 ulikuta maeneo yaliyowahi kupewa A yana kivuli cha miti kama asilimia 43, ya D asilimia 23. Si nyanya za bibi.

#32 Kijani_Toronto
Sikusema nyanya zilikata miti. Nilisema hakuna aliyedai mingine. Na takwimu yako ni ya miji 37, elmi tunazozizungumzia zilikufa hata mbele ya nyumba za maprofesa wa Yale.

#33 Mwana_wa_Bukavu
Zilikufa kote, lakini hazikurudishwa kote kwa kasi moja. Ndiyo tofauti.

#34 Chapati_Moto
Na magogo ya elmi zote hizo si yaliingia tanuri la apizza?

#35 Nahodha_Mstaafu
Matanuri ya Wooster Street ni ya makaa ya mawe. Na elmi haipasuki, nyuzi zake zimesukana, shoka linakwama ndani kama limeshikwa na mkono. Isitoshe kuni za elmi zenye gome ukizihifadhi uani unafuga mdudu wa #5. Zilitakiwa kuchomwa au kuzikwa kabla ya wadudu kutoka.

#36 Kigogo77
Turudi kwenye kumbukumbu. Hata sanamu ya Columbus iliyokuwa pale iliondolewa 2021, kwa hiyo mzee akirudi leo hana alama ya kushika.

#37 Ramani_Ukutani
24 Juni 2020. Ilisimamishwa 1892. Sasa kuna sanamu ya familia ya wahamiaji. Na alama zipo: Chapel, Academy, Greene na Wooster Place bado zinauzunguka uwanja vilevile.

#38 Mama_Kitalu
Pogoa, kama unataka kumaliza ubishi wa #8, #11 na mimi, tafuta picha za zamani za mtaa, na zichague za MAJIRA YA BARIDI. Kiangazi kila mti ni wingu la kijani, huwezi kutofautisha elmi na mepo. Bila majani, elmi inaonekana kwa panda zake: mashina yanaachana kwa pembe nyembamba na vijiti vya mwisho vinaning'inia kama pindo la shuka. Matawi ya mepo yanatoka mawili mawili yakitazamana. Ukipata picha mbili za kona ileile, moja kabla ya Septemba 1938 na nyingine baada yake kabla ya 1950, hesabu mashina. Yakipungua ghafla, Nahodha ameshinda. Yakiwepo yote ila vilele vimekatwa vipara, ni kuvu.

#39 Nahodha_Mstaafu
Na kama nyumba zenyewe hazipo kwenye picha ya pili?

#40 Ramani_Ukutani
Hapo nadai soda yangu.

#41 Pogoa_Taratibu
Picha za baridi basi, kona ya Chapel na Academy kwa kuanzia. Aliye nazo aziweke hapa, hata kama katikati amesimama shangazi wa mtu, tutaangalia nyuma yake.